Mifuko Kumi na Tisa ya Maganda ya Risasi

Guangzhou, Jumanne. Ukungu tangu asubuhi, kuta zinatoka jasho.

Tuko kwenye wiki za unyevu. Waliowahi kukaa huku wanazijua: vigae vya sakafu vinalowa vyenyewe bila mtu kumwaga maji, nguo ulizofua Jumamosi bado mbichi Jumanne, na kioo cha bafuni kinakataa kukuonyesha uso. Nimewasha feni mbili zikiielekea mizigo ya zipu, kwa sababu zipu ya chuma ikishapata unyevu huanza kuota kutu hata kabla haijafika bandarini Huangpu.

Lakini leo sitaki kuandika habari za zipu. Leo nataka kuandika habari za maganda ya risasi.

Najua. Hata mimi nimecheka baada ya kuandika sentensi hiyo. Mimi ni mwanamke wa Arusha ninayenunua vifungo, zipu na vijicho vya shaba vya kupitishia kamba huku Guangzhou na kuwapelekea mafundi cherehani wa nyumbani. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Bunduki nimeiona mikononi mwa walinzi wa benki, basi. Na niseme mapema ili nilale vizuri: katika nchi hii hata ganda tupu ukikutwa nalo ni kesi kubwa, na mimi sijaligusa hata moja hapa. Nimeangalia picha tu. Nimeziangalia sana.

Mwenye maganda ni mdogo wangu, Elisante. Yuko Limpopo, Afrika Kusini, anafanya kazi kwenye duka la silaha lenye leseni zake zote. Wakulima na wawindaji wa kule wakishafyatua risasi hawatupi maganda. Wanayaleta dukani, Elisante anayasafisha, anayarudisha kwenye umbo lake, kisha anayajaza upya. Ganda zuri, likitunzwa, linarudi kazini mara nyingi. Alianza pale kwa kufagia na kubeba magunia ya chakula cha mifugo, na ilimchukua miaka minne kupewa meza ya maganda. Anaipenda meza ile kama wengine wanavyopenda gari.

Jumapili nilipotoka ibadani nikakuta ujumbe wake wa sauti. Elisante ni mtu wa sekunde kumi, "shikamoo dada, tuko salama." Huu ulikuwa wa dakika sita.

Wiki mbili zilizopita mteja mmoja alifyatua risasi aliyojaziwa na Elisante, na ganda likakatika vipande viwili ndani ya bunduki. Moshi wa moto ukamrudia usoni. Namshukuru Mungu mtu yule alikuwa amevaa miwani; ameungua shavu tu. Mwenye duka, mzee mmoja mkulima ambaye wote wanamwita Oom, yaani mjomba kwa lugha yao, akayakagua maganda mengine ya mkupuo ule. Mengi yalikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, umezunguka karibu na kitako. Huo mstari ndiyo dalili kwamba ganda nalo linataka kukatika.

Mzee akampa Elisante mpaka Jumatano saa sita mchana aeleze kwa nini. Si kuomba radhi, kueleza. Asipoweza, anarudi kwenye magunia. Mzee alisema hiyo si adhabu; alisema mtu asiyejua kwa nini kitu kimevunjika hawezi kuaminiwa kukitengeneza.

Jumatano ni kesho.

"Dada, niombee tu," ndivyo alivyomaliza.

Nikaomba. Niliomba kweli, nimepiga magoti juu ya vigae vilivyolowa. Halafu nikamwandikia anitumie picha.

Mama yetu husema mimi nilizaliwa na neno "kwa nini" mdomoni, na kwamba mkunga alichoka kabla yake. Ni kweli siwezi kuliacha jambo likipita bila kulishika mkono. Na ganda lile, nilipolikuza kwenye simu, lilinishangaza. Ni shaba ya njano, ile ile ninayoinunua kila wiki. Ni kikombe kirefu, kipana chini, juu kina bega, kisha shingo nyembamba. Na chini kabisa, kwenye kitako, limefungwa mkanda ulioinuka kidogo, kama pete ya ndoa iliyokaa kidoleni miaka mingi. Risasi za aina hiyo za magnum, yaani zenye nguvu kubwa, wanaziita za mkanda. Nikauliza mkanda ni wa nini. Dada mtu, muuza vifungo, nikauliza.

Jana basi, Jumatatu nzima, Elisante alinifundisha kwa ujumbe wa sauti huku mimi nikifunga mizigo. Naandika nilivyoelewa, ili nione kama nimeelewa.

Mkanda ni kizuizi. Ukiingiza risasi ndani ya bunduki, mkanda unagota kwenye ukingo wa chuma na risasi haizami zaidi. Kwa hiyo waliozitengeneza zamani hawakujali sana bega limekaa wapi. Waliacha nafasi mbele ya bega, wakijua mkanda umeshika. Sasa risasi ikifyatuka, shaba inafura kama unga wa maandazi na kuijaza nafasi yote. Bega linasogea mbele mpaka ligote. Ile shaba ya kulisogeza bega mbele lazima itoke mahali. Inavutwa kutoka kwenye ukuta wa ganda, pale juu kidogo ya mkanda, na ukuta unakonda pale.

Ukishafyatua, ganda limekuwa kubwa. Ili litumike tena, Elisante anaweka mafuta kidogo na kulisukuma ndani ya kalibu ya chuma inayolibana lirudi. Hapa ndipo penye ufundi. Ukiishusha kalibu sana, bega linasukumwa nyuma kabisa, na siku ya kufyatua litavutwa tena mbele lote. Nyuma, mbele, nyuma, mbele. Ukuta unakonda mahali pale pale. Ukiishusha kiasi tu, bega linabaki karibu na pale bunduki yenyewe ilipoliweka, na ganda linaishi muda mrefu. Tena risasi inapiga sawasawa zaidi, kwa sababu kila ganda linakaa vilevile ndani ya bunduki.

Kuna na jambo la pili. Juu ya mkanda huwa pana kauvimbe ambako kalibu ya kawaida haikafikii, maana mkanda unaizuia. Dukani wana pete maalumu ya kukabana kale. Elisante anaitumia, ananiapia.

Nikamuuliza anajuaje ganda limekonda kabla ya ule mstari kuonekana nje. Akasema anachukua waya mwembamba, anakunja ncha yake kidogo, anaupitisha ndani na kuuvuta juu taratibu. Ukuta ukiwa umekonda, ncha inajikwaa kwenye kijifereji. Basi mimi nikachukua pini ya nywele, nikaikunja, nikaichokoa ndani ya kofia ya kalamu ili nijue anasikia nini. Sikusikia kitu. Kalamu ni nzima.

Swali likabaki: kama anajua yote haya, kwa nini aliishusha kalibu?

Alisema tangu Januari wateja walikuwa wanarudi wakilalamika kwamba bunduki zinafungika kwa shida, ganda limekaza. Akaishusha kalibu kidogo. Waliolalamika wakapungua, lakini wengine bado wakaja. Akaishusha tena. Mwishoni aliishusha mpaka maganda yote yakaingia kwenye bunduki zote. Kabla ya Januari hakuna aliyelalamika. Yeye mwenyewe hajui Januari ilikuja na nini. Mashine ni ile ile, kalibu ni ile ile, mkono ni ule ule.

Nililala na swali hilo.

Leo asubuhi nilikuwa na safari yangu ya soko la Zhongda hata hivyo, kuchukua vifungo vya kubonyeza. Wengi wanaijua Zhongda kwa vitambaa, lakini pembeni mwa vitambaa kuna watu wa vifungo, na miongoni mwao yuko Mama Liang. Jina la "mama" tumempa sisi Watanzania, naye ameliitikia. Ana miaka kama sitini na tano, vidole vifupi vyenye makovu, na vifungo vyake vya shaba anavitengeneza mwenyewe nyuma ya duka. Kichina changu ni cha sokoni: bei, rangi, leo, kesho, hapana. Kingine tunamalizia kwa simu inayotafsiri na kwa mikono.

Sasa hapa naungama. Nilimdanganya. Sikutaka neno "risasi" litoke kinywani mwangu kwenye soko la China. Nikachora ganda juu ya kipande cha katoni, bila kichwa, na mkanda wake chini, nikamwambia ni kikombe cha taa ya shaba cha mdogo wangu, kinapasuka hapa. Nikaonyesha juu ya mkanda.

Mama Liang aliutazama mchoro, akanitazama mimi.

"Hii taa yenu inapigwa sana," akasema.

Hakuuliza zaidi. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya duka, mahali ambapo kwa miaka kumi na moja sijawahi kukanyaga. Mimi ni mteja wa kaunta. Naonyesha saizi, napimiwa kwa kilo, naondoka.

Kule nyuma kuna mashine tano za kugonga, joto, na harufu ya mafuta. Akanionyesha jinsi kifungo kinavyozaliwa. Kipande bapa cha shaba kinagongwa kinakuwa kisahani. Kisahani kinagongwa kinakuwa kikombe kifupi. Kikombe kifupi kinavutwa kinakuwa kirefu. Katikati ya hatua akakipitisha kwenye moto kidogo, kikapoa, akanipa nikibonyeze kwa kidole: laini. Akachukua kingine kisichopita motoni, akakigonga mara moja zaidi. Kikapasuka kwenye kona ya chini, mstari mwembamba umezunguka. Nilikikodolea macho. Kilikuwa ganda la Elisante, limefupishwa.

"Unavuta, unasukuma, unavuta, unasukuma," akasema, akiigiza kwa ngumi mbili. "Shaba inachoka. Haichoki mwili mzima, inachoka kiunoni."

Hilo nilishalijua kutoka kwa Elisante, lakini kulijua na kulishika mkononi ni vitu viwili. Nikafurahi kama mtoto. Nikataka kumwuliza mambo kumi. Kabla sijaanza, akaniuliza yeye, kupitia simu: vikombe vya mdogo wako vyote vinatoka kalibu moja?

Nikamwambia ndiyo, vyote saizi moja.

"Bu xing," akasema, yaani hiyo haifai. Akatikisa kichwa. "Nimekuuliza kalibu. Wewe unanijibu saizi."

Akanivuta kwenye rafu. Kulikuwa na makopo ya chai ya zamani, kama arobaini hivi, kila moja lina namba ya mashine iliyoandikwa kwa rangi. Akafungua mawili. Vifungo vya ndani vilikuwa saizi ile ile ninayonunua, kwa macho yangu mapacha. Akachukua kofia kutoka kopo la kwanza na kitako kutoka kopo la pili, akavibonyeza pamoja. Viligoma. Akalazimisha, vikaingia kwa mlio mbaya. Akavitenganisha na kunionyesha mkwaruzo. Kila mashine, alisema, ina tumbo lake. Namba ya saizi ni ya kumwuzia mteja. Huku nyuma, kilichozaliwa na mashine ya tatu kinalala na cha mashine ya tatu mpaka siku ya kuuzwa.

Pale ndipo nilipoanza kusikia baridi, katika joto lile lote.

Nieleze. Desemba iliyopita nilikwenda Limpopo kumtembelea Elisante, wiki mbili. Dukani kulikuwa kimya na mimi siwezi kukaa bure. Nikaitazama meza yake. Chini yake kulikuwa na mifuko midogo ya kitambaa, kumi na tisa, imening'inizwa kwa misumari, kila mmoja na jina la mteja limeandikwa kwa kalamu. Ndani ya kila mfuko kulikuwa na maganda ya mteja huyo. Kumi na tisa kwa risasi za saizi moja! Nilicheka. Nilimwambia mdogo wangu, hivi ndivyo watu wanavyofilisika. Sisi huku tunaposafirisha kontena la pamoja hatuweki mzigo wa kila mtu kwenye chumba chake. Bidhaa ya aina moja inakaa pamoja, na mwenye vipande mia anatoka na vipande mia. Nikanunua ndoo nne zenye mifuniko. Nikamwaga mifuko yote. Nikabandika karatasi na kuandika saizi kwa mwandiko wangu mzuri. Mifuko nikaifua, nikaikunja, nikaiweka kabatini. Hata Oom alipopita alisifu usafi.

Hiyo ilikuwa wiki ya mwisho ya Desemba. Januari wateja wakaanza kulalamika.

Nilifungua picha ya Jumapili palepale kwenye rafu ya Mama Liang. Mbele kuna ganda lililokatika, limewekwa juu ya kitambaa cheupe. Nyuma yake, halionekani vizuri lakini linasomeka, ni karatasi nyeupe na mwandiko wangu. Siku tatu nimeikuza picha ile, nimekuza kila kitu isipokuwa mimi.

Kila bunduki ina tumbo lake. Maganda ya mkulima mwenye bunduki ya tumbo pana yalikwenda kwa mwenye bunduki nyembamba, yakakaza. Elisante akaishusha kalibu ili yamfae mwenye nyembamba kuliko wote. Kisha ganda hilohilo likarudi kwa mwenye pana, likavutwa mbele lote. Nyuma, mbele. Kiuno kikakatika, na mtu akaungua shavu.

Nilimshukuru Mama Liang. Vifungo nilivyofuata nilivisahau, ikabidi mwanamke wa duka la jirani anikimbilie na mfuko hadi barabarani.

Kwenye treni ya kurudi nilikuwa na akili mbili, na ile ya kwanza haikuwa nzuri. Ilisema: mpe jibu bila jina. Mwambie shaba inachoka kiunoni, kalibu iinuliwe, bega lisisukumwe sana. Ni kweli tupu, na mzee atalikubali. Ndoo hazina haja ya kutajwa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huu hata haukuwa uongo, ulikuwa ukweli uliokatwa mkia.

Lakini maganda yale yako kwa watu kumi na tisa. Yako kwenye madroo, kwenye magari, mengine yamekwishajazwa na yanasubiri asubuhi ya kuwinda. Hakuna anayejua lipi limetoka kwa nani, na likishabanwa na kalibu, halisemi tena lilizaliwa wapi. Nisipotaja ndoo, Elisante atainua kalibu na kuendelea kuchota humo humo. Si wote watakuwa wamevaa miwani.

Tena namjua mdogo wangu. Nikimwambia yeye peke yake, kesho atasimama mbele ya mzee na kusema ni yeye aliyechanganya.

Kwa hiyo nilishuka, nikakaa kwenye ngazi za jengo letu hapa Xiaobei, nikapiga. Ilikuwa saa tisa alasiri kwangu, saa tatu asubuhi kwake. Nikamweleza yote, makopo ya Mama Liang, tumbo la mashine, ndoo zangu. Sikujipamba. Nilimaliza nikasubiri ashangae.

Hakushangaa.

"Ile mifuko ilikuwa na maana, dada," akasema. "Fundi aliyenitangulia aliniachia hivyo. Aliniambia kila bunduki na maganda yake, usichanganye. Sababu hakunieleza, ila usichanganye alisema."

Nikamuuliza kwa nini basi alisimama pale ananitazama namwaga mifuko kumi na tisa bila kusema neno.

Akajibu taratibu.

"Ni wewe uliyenisomesha. Ulikuwa umetoka mbali, na ulikuwa umefurahi. Ningekukatazaje?"

Nililia. Naandika hivi hivi, sina haja ya kuzungusha: nililia kwenye ngazi za watu, akapita mama mmoja wa Kichina na mboga zake, akaniwekea karatasi laini pajani bila kusimama.

Nikamwambia anipe mzee. Akakataa kwanza, kisha nikasikia viatu, mlango, na sauti nzito. Nilimwambia Oom kwa Kiingereza changu chote kwamba ndoo ni zangu, mwandiko ni wangu, na nikamweleza bunduki pana na nyembamba. Alisikiliza bila kunikatiza. Aliuliza mambo mawili tu. La kwanza, hilo la kila mashine na tumbo lake nimelipata wapi. Nikasema kwa mwanamke anayetengeneza vifungo. Akaguna, nadhani alipenda. La pili, mkono uliokuwa ukiishusha kalibu ulikuwa wa nani. Akajibu mwenyewe: ni wa Elisante, na mkono uliokaa kwenye kalibu ndio unaobeba lawama, hata kama ndoo ni za mgeni wa kutoka China. Nikakubali, maana ni kweli.

Uamuzi wake ni huu. Leo na kesho Elisante anazunguka na gari la duka kwa wateja wote kumi na tisa, anakusanya kila ganda na kila risasi iliyojazwa tangu Januari, na kila mmoja anamwambia kwa mdomo wake kwa nini. Maganda yote yanapondwa. Mifuko inarudi kwenye misumari, mitupu, na kila mteja anaanza na maganda mapya ya bunduki yake mwenyewe. Baada ya hapo meza ni ya Elisante. Mzee alisema hakuwa ametafuta fundi asiyekosea. Alikuwa anatafuta sababu, na sasa anayo.

Nilitegemea nitafurahi zaidi. Meza imepona, ndiyo. Lakini nilikuwa bado nimekaa na lile "ningekukatazaje."

Saa kumi na moja akapiga tena. Alikuwa njiani, ameshapita kwa wateja watatu. Mmoja amemfokea, wawili wamemkaribisha kahawa. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikukizoea, na nilikaa sawa kabla sijajua kwa nini.

"Dada," akasema, "ukija tena, meza yangu usiiguse."

Halafu akasubiri. Nilisikia anasubiri, ameshika pumzi. Ana miaka thelathini na nne, na sikumbuki amewahi kunikataza kitu.

Nikasema sawa.

Akatoa pumzi. Nadhani na yeye alishangaa kwamba dunia bado imesimama, kwa sababu akaongeza, haraka haraka, kama mtu aliyeona mlango haujafungwa: "Na yale mapazia uliyonitumia. Siyapendi."

Mapazia mazito, ya kahawia, nilichagua kitambaa mwenyewe, nikapima madirisha yake kwa kukisia. Nikamuuliza anataka rangi gani, nipo Zhongda tena Alhamisi.

Akasema hataki pazia. Anapenda jua likimwamsha asubuhi, tangu mdogo.

Tulilala chumba kimoja miaka tisa, na dirisha lilikuwa upande wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nalifunga.

Ukungu haujaondoka. Kesho, akimaliza wateja wake, nitampigia nimuulize nini kingine hapendi, na nitajitahidi nisimjibie.